Kifo cha Pili cha Chiriku

"Chiriku wamekufa wote," alisema Daktari.

Koplo aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Afande, tumeitwa kwa ajili ya ndege?"

Inspekta alikuwa bado amesimama mlangoni, akinusa. Maabara ilinuka dawa ya madoa, ile kali ya kufulia nguo nyeupe, na harufu yenyewe ilikuwa nzito kiasi cha kuwasha macho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye desturi ya kutazama sakafu kwanza kabla ya kutazama watu. Sakafu ya chumba hiki ilikuwa na dimbwi la maji karibu na mtungi mkubwa wa chuma, na katikati ya dimbwi hilo kulikuwa na fremu nyembamba ya bati, ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliyojaa vichupa vidogo vidogo.

"Chiriku ni nani?" aliuliza.

"Alikuwa kijana." Daktari alikaa kwenye stuli. Koti lake jeupe lilikuwa limekunjamana, na sauti imemkauka. "Nyumbani kwao walimwita hivyo kwa sababu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alipata saratani ya mfupa, aina adimu, inayoota kwenye uti wa mgongo. Kabla hajafariki alituruhusu tuchukue kipande cha uvimbe wake. Seli za ugonjwa huu haziishi nje ya mwili, Inspekta. Unazilisha, unazibembeleza, mwisho zinakufa tu. Za kwake zikaishi. Zikazaana. Tukazipa jina lake."

"Kwa hiyo kilichouawa hapa ni ugonjwa," alisema Koplo.

"Hata sisi kazi yetu ilikuwa kuziua. Lakini kwa dawa ambayo haimmalizi na mgonjwa. Na tulikuwa tumeanza kuipata." Daktari alinyoosha kidole upande wa wodi, ng'ambo ya ua. "Kuna mwalimu wa hesabu amelazwa pale. Ana ugonjwa uleule. Wiki iliyopita nilimwambia avumilie kidogo. Leo nitamwambia nini?"

Inspekta alichuchumaa kando ya dimbwi. "Nani analipia kazi hii?"

"Mfuko. Wagonjwa wa aina hii ni wachache mno, hakuna kampuni ya dawa inayojisumbua nao. Mama yake Chiriku ndiye aliyeuanzisha baada ya msiba. Michango inatoka kwa watu wa kawaida: mtu aliyempoteza mume, darasa la watoto, kwaya. Wote wanachangia kwa sababu ya hizi chupa. Tukiwaambia chupa hazipo, sijui kama kuna atakayebaki."

Kazi ikaanza. Mlango haukuvunjwa na dirisha lilikuwa na nondo. Funguo zilikuwa tatu: moja ya Daktari, moja ya fundi wa maabara, na ya tatu alipewa mama yake Chiriku, ambaye jengo zima lilimwita Mama Mfuko. Aliyeingia alifanya mambo mawili. Alifungua kabati la joto, mahali seli hai zilipokuwa zikilelewa, akamimina dawa ya madoa katika kila chupa. Kisha alifungua mtungi wa baridi, ambamo seli za akiba zilikuwa zimegandishwa, akaivuta ile fremu kwa mshikio wake, akaiacha sakafuni iyeyuke.

"Mtungi huu una baridi kiasi gani?"

"Ukishika hicho chuma kikiwa kinatoka ndani, ngozi inanata. Inababuka kama umeshika pasi ya moto. Tuna glavu nene maalumu."

"Ziko wapi?"

Daktari alivua mkufu wenye ufunguo mdogo, akafungua kabati la ukutani. Glavu mbili za bluu zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine. "Nazifungia tangu jozi ya kwanza ilipopotea. Hakuna mwingine mwenye ufunguo huu."

Inspekta aliziangalia kwa muda, kisha akarudi kwenye fremu. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia bati. Kila kitundu kilikuwa na kichupa chake, isipokuwa kimoja, cha chini kabisa pembeni.

"Hapa palikuwa wazi siku zote?"

Daktari alipiga magoti majini bila kujali koti lake. "Hapana," alisema. "Hapana. Ijumaa asubuhi ilikuwa imejaa."

*

Mlinzi wa getini alikuwa mzee mwenye mguu mmoja mkaidi, akikaa kwenye kibanda chenye kiti kimoja na redio isiyozimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nilijua mtakuja. Mwenye kazi ya kulinda huulizwa mambo akiwa ameshachelewa."

"Nani aliingia tangu Ijumaa?"

"Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya fundi, amepata kazi kwingine; mchana alitoka na kisanduku cha baridi, kile cha kubebea sampuli. Nikamwambia kwaheri, akaniambia kwaheri ya kuonana, akacheka peke yake. Jumamosi hakuja mtu. Jumapili ilinyesha mvua, akapita Mama Mfuko na mwavuli wake mwekundu. Lakini yule si wa kuhesabu. Yule ni wa hapahapa."

"Mlizungumza?"

Mzee alifikiri, akijisugua goti. "Nilimsalimu. Hakuitika. Na kwangu huwa hapiti bila kuuliza mguu unaendeleaje. Nikasema labda mvua."

"Uso uliuona?"

"Niliuona mwavuli, mama."

Garini, Koplo alikuwa ameshahukumu. "Ni fundi, afande. Ameacha kazi, amepata nyingine, kaondoka na kichupa kimoja na kuharibu vingine ili abaki na dhahabu peke yake. Kuku hawezi kutaga mayai halafu mwingine akayauza."

"Hiyo methali umeitoa wapi?"

"Nimeitunga sasa hivi."

"Ndiyo maana haieleweki. Endesha."

Fundi alikaa chumba cha kupanga nyuma ya duka la rangi. Walimkuta akifunga mizigo: masufuria ndani ya ndoo, magodoro mawili yaliyokunjwa kwa kamba, na kitambaa cha kufutia miwani mkononi. Alikuwa kijana aliyenyooka, na alipoona kitambulisho cha Inspekta alikaa kwenye ndoo.

"Nionyeshe viganja vyako," alisema Inspekta.

Alivifungua. Vilikuwa vikavu na safi, havina hata mkwaruzo.

"Kichupa kiko wapi?"

Fundi alijaribu kushangaa, ikamshinda. "Kipo salama. Kipo kwenye mtungi wa maabara ninakokwenda. Nilikipeleka Ijumaa hiyohiyo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa ya mtu. Nilitaka nisifike mikono mitupu. Kule wananiona kama mtu wa kuosha vyombo. Nikasema nikifika na Chiriku, wataniita mwenzao. Ni kimoja tu, dada. Vingine vyote nimeviacha."

"Vingine vyote vimekufa."

Alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo, akarudi kwa Inspekta. Uso wake ulipoteza rangi taratibu, tangu midomoni. "Vyote? Na vya kwenye kabati la joto?" Alisimama, akakaa tena. "Mimi ndiye niliyekuwa nawalisha. Miaka minne. Hata sikukuu nilikuwa nakuja kuwalisha."

Koplo aliacha kuandika. Machozi ya uongo yana kelele, na ya kijana huyu hayakuwa na sauti yoyote.

"Chukua simu," Inspekta alimwambia. "Waambie hao wenzako wapya wasikiguse kichupa hicho mpaka Daktari afike. Kisha mpigie Daktari mwenyewe umwambie ulichofanya. Kwa mdomo wako."

"Atanichukia."

"Atakuchukia, kisha atapanda gari kwenda kukifuata. Piga."

Walisubiri hadi alipomaliza. Aliongea na Daktari akiwa ameuelekea ukuta. Alipokata simu alisema, "Anasema huenda wakaamka, huenda wasiamke. Safari nzima kilikuwa kwenye barafu tu. Hajanitukana." Ni kama kutotukanwa ndiko kulikomuuma zaidi.

Barabarani, Koplo aliwasha gari, hakuondoka. "Afande, huyu ni mwizi, lakini si muuaji."

"Ameiba ndiyo. Na wizi wake umetuachia mbegu." Inspekta alifungua mkate aliokuwa ameufunga kwenye gazeti, akaumega, akala akitazama mbele. Alikuwa akila hivyo kila siku, garini, kwa vile nyumbani hakukuwa na wa kumngoja mezani. "Aliyevuta ile fremu hakuwa na glavu. Mtu wa maabara asingeivuta bila glavu, angejua. Tunatafuta mtu asiyejua, mwenye ufunguo, na mwenye mkono ulioungua."

"Mama Mfuko."

"Au mwavuli wake."

*

Nyumba ya Mama Mfuko ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, safi kama nyumba ambayo hakuna anayeitumia. Ukuta mzima ulikuwa Chiriku: Chiriku akiwa mchanga, Chiriku na mpira, Chiriku akicheka hospitalini huku amenyolewa nywele. Katika picha ya kiti cha magurudumu kulikuwa na mikono miwili myembamba ikisukuma kiti. Mwenye mikono alikatwa na fremu. Inspekta alitafuta uso wake kwenye picha nyingine, hakuuona popote.

Mama Mfuko aliwakaribisha viti, akabaki amesimama. Alikuwa mwembamba, amefunga leso kichwani, na macho yake hayakupepesa.

"Daktari ameshanipigia. Msisumbuke, mwanangu," alimwambia Inspekta. "Ni mimi. Nimechoka kumwona mwanangu kwenye chupa. Nikasema nimpumzishe."

Koplo alikohoa. Inspekta alisogeza mto wa kochi ili akae vizuri. Nyuma ya mto palikuwa na shuka lililokunjwa, blanketi, na mswaki ndani ya kikombe cha plastiki. Aliurudisha mto mahali pake.

"Pole, mama. Niambie ulivyofanya."

"Nilikwenda Jumapili, mvua inanyesha. Nikamwaga dawa kwenye chupa. Kisha nikafungua lile pipa la moshi, nikatoa vilivyomo."

"Kwa mkono?"

"Nilivaa glavu. Zile nene za bluu, nimeona wakizivaa."

"Ulizitoa wapi?"

"Zilikuwa pale mezani."

"Ulipozivua uliziweka wapi?"

"Palepale."

"Naomba nione mikono yako, mama."

Mama Mfuko aliitoa. Ilikuwa mikono ya mtu mzima, laini, mishipa imetokeza, pete ya ndoa imelegea kidoleni. Inspekta aliishika kidogo, kisha akaiachia.

"Glavu zilikuwa zimefungiwa kabatini, na ufunguo uko shingoni kwa Daktari. Hukuzivaa. Na mikono hii haijaungua. Mama, mlinzi alikusalimu Jumapili na hukumwuliza mguu wake. Tangu lini?"

Kabla Mama Mfuko hajajibu, mlango wa jikoni ulisukumwa kwa bega, na mwanamke wa miaka thelathini hivi akaingia na sinia la chai. Alilibeba kwa mkono wa kushoto, akilisaidia kwa kiwiko. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Huyu ni binti yangu," alisema Mama Mfuko haraka. "Yeye hajui lolote. Weka hapo, kisha nenda zako dukani."

"Duka gani, mama?" aliuliza binti.

Inspekta alisimama, akampokea sinia. "Pole na mkono, dada. Umeungua?"

"Maji ya moto. Birika liliteleza."

"Jikoni hapa?"

"Ndiyo."

"Mwacheni!" Mama Mfuko alisema. "Nimeshawaambia ni mimi. Hamtaki mtu akiri? Polisi gani nyinyi?"

Inspekta hakugeuka. "Nifungulie nione."

Binti alimtazama mama yake. Alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali ambapo hakudhani anajulikana. Kisha akafungua kitambaa polepole, kwa meno na mkono wa kushoto. Juu ya mkono hapakuwa na kitu. Ndani, kwenye kiganja na kukatiza vidole vinne, palikuwa na mstari mmoja ulionyooka, mweupe, wenye malengelenge kandokando.

"Maji ya moto humwagika juu ya mkono, yakatapakaa," Inspekta alisema. "Huu umeshika chuma."

Nje, mtu alikuwa akiburuta kiti, kikikwaruza saruji.

"Nilijaribu kuuachia ule mshikio," binti alisema hatimaye. "Ukaning'ang'ania."

*

Kituoni alihojiwa katika chumba chenye meza moja. Daktari wa polisi alishamfunga mkono upya. Koplo aliandika, Inspekta aliuliza, na majibu yalikuja bila kuvutwa.

"Ufunguo ulipata wapi?"

"Kwenye mkoba wake. Nikaurudisha jioni."

"Mwavuli?"

"Mvua ilikuwa inanyesha kweli. Sikuwa na wangu."

"Kwa nini?"

Binti alitazama meza. "Nilipoachika nilirudi nyumbani na sanduku. Mama akanipokea vizuri, hakunisema. Akaniambia chumba cha Chiriku hakiguswi, nilale sebuleni. Nikasema sawa, kwa muda. Muda ukawa mwaka, ukawa miwili. Kila Ijumaa anakwenda kule, anakaa mbele ya lile kabati, anaongea nazo. Anaziambia habari za mtaa. Siku moja nilimfuata, nikasimama mlangoni nikasikiliza. Alikuwa akizisimulia habari zangu. Kwamba sili vizuri. Kwamba usiku nasikika nikilia." Aliusogeza mkono uliofungwa. "Mimi hajawahi kuniuliza. Anaziambia zile chupa."

Koplo aliinamia daftari lake zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Ulijua kuna wagonjwa wanazingoja?"

"Najua. Mimi ndiye niliyemwosha Chiriku miezi yake ya mwisho, afande, nikimgeuza bila kumvunja. Najua ugonjwa huu kuliko wenye michango wote. Jumapili sikuwakumbuka. Nilipofika nyumbani ndipo nikawakumbuka, wote kwa mpigo. Kama mngechelewa leo ningekuja mwenyewe."

"Mama yako alijua?"

"Aliuona mkono. Hakusema kitu." Sauti yake ikashuka. "Sikujua kwamba anaweza kunisemea uongo."

Inspekta alifunga jalada. Alikuwa na maneno ya kisheria ya kumwambia, akayasema yote kwa utaratibu: kuharibu mali, kuingia pasipo ruhusa, haki ya wakili, hakimu kesho asubuhi. Kuhusu kichupa kilichosalia alimweleza pia, kwa kuwa ilikuwa haki yake kujua. Binti alifunika uso kwa mkono mzima. Kama ni nafuu au ni kitu kingine, Inspekta hakuuliza.

"Mama yako yuko nje. Unataka kumwona?"

"Hapana."

*

Mama Mfuko alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, chini ya bango lililochanika linalokataza kutema mate. Watu walikuja wakaenda: mwanamume aliyeibiwa baiskeli, majirani wawili waliogombana kwa ajili ya ukuta, mwanamke aliyetaka kumshtaki mkwe wake halafu akabadili nia. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kuongozana naye, hata yule wa baiskeli. Yeye alikaa peke yake, mkoba mapajani.

"Amesema hataki kukuona leo, mama," Inspekta alimwambia. "Nenda nyumbani ukapumzike. Koplo atakupeleka."

"Nitakaa."

"Kukaa hakutabadilisha kitu."

"Najua, mwanangu. Nitakaa."

Kesho yake, baada ya hakimu kuahirisha shauri na binti kurudishwa kituoni akingoja mdhamini, alikuwa kwenye benchi lilelile. Majira ya adhuhuri simu ya Inspekta iliita. Alisikiliza, akasema ahsante mara mbili, akatoka kwenye korido.

"Daktari amepiga kutoka ile maabara mpya ya fundi. Wamekiyeyusha kichupa. Nyingi zimekufa, lakini zilizobaki zimeshika chini ya chupa. Ziko hai. Anasema ukipenda kwenda kuziona, gari linalofuata linaondoka saa nane. Mlezi wao atakuwa yuleyule fundi, mpaka shauri lake litakapoamuliwa. Na mwalimu wa hesabu ameshaambiwa."

Mama Mfuko alifumba macho. Midomo yake ilitikisika bila sauti, na kwa mara ya kwanza mabega yalimlegea. Inspekta alingoja ainuke. Alikuwa tayari ameshamwashiria Koplo alete gari.

Hakuinuka.

"Mwambie Daktari nimefurahi," alisema. "Mwambie watu wa michango nitawaandikia mimi, nitawaambia ukweli wote, wa binti yangu na wangu. Mwenye kutaka kuondoka aondoke." Alifungua mkoba, akautazama ndani, akaufunga. "Huyu amekula?"

"Chakula kimeletwa. Hakukigusa."

"Ningempikia." Kisha alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeuliza jambo la aibu. "Nimekaa hapa tangu jana nikijaribu kukumbuka. Chiriku alipenda wali. Huyu... Inspekta, huyu sijui anapenda nini siku hizi. Hebu niulizie."

Inspekta alimwangalia yule mama, kisha akatembea hadi mwisho wa korido, akafungua dirisha dogo la mlango. Binti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mama yako anauliza ungependa kula nini."

Koplo, aliyekuwa amesimama na funguo za gari mkononi, aliziminya zisilie.

"Bado yupo?" binti aliuliza.

"Hajaondoka tangu jana."

"Hajaenda kule? Daktari hajampigia?"

"Amepiga. Amesema zipo hai. Mama yako hajaenda."

Binti aliutazama mlango kwa muda. Kisha akajifuta uso kwa bega.

"Mwambie aje aniulize mwenyewe," alisema.

Inspekta alichukua ufunguo, akafungua mlango, akausukuma mpaka ukagusa ukuta. Kisha akasogea pembeni, akaacha njia.